Kwa nini reli ya Katanga iliingilia Sakania

Mtu wa Lubumbashi akiifungua ramani ya reli za Kongo, macho yake hukimbilia kaskazini, kwa kuwa huko ndiko nchi iliko: Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, na mbali kabisa Ilebo, mahali reli inapokutana na Mto Kasai. Kusini kimebaki kipande kifupi, kiasi cha kilomita 250, kinachoambaa mpaka wa Zambia hadi Sakania, mji mdogo ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Hata hivyo kipande hicho ndicho kikongwe kuliko vyote. Reli ya Katanga haikutoka Kinshasa wala bandari ya Matadi. Ilivuka mpaka karibu na Sakania Desemba 1909, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwishoni mwa Septemba 1910, na kwa miaka mingi baada ya hapo karibu kila chuma, kila mashine na kila gunia la unga lililotoka ng'ambo lilipita kwanza katika stesheni ya Sakania.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu jambo hili ni mawili, na yote mawili yana upungufu. Ya kwanza yanasema kwamba Wabelgiji walileta reli, basi. Ya pili yanamtaja Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa wa Kiingereza, na ndoto yake ya kuunganisha Cape na Cairo, kana kwamba Sakania ilikuwa kituo kimoja katika safari iliyopangwa tangu mwanzo. Lakini Rhodes alifariki Machi 1902, reli yake ikiwa haijauvuka Mto Zambezi. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa mwaka wa 1905, mataruma yakafika Broken Hill, mji unaoitwa Kabwe siku hizi, mwaka wa 1906, na hapo kazi ikasimama. Madini ya risasi na zinki ya Broken Hill yalikuwa magumu kuchenjua na hayakuleta faida iliyotarajiwa, na hakuna mwenye fedha aliyekuwa tayari kutandika reli porini kwa ajili ya ndoto ya mtu aliyekwisha kufa. Kilichoiamsha reli hiyo ni shaba iliyokuwa upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya mfalme mwingine.

Hapa ndipo anapoingia Robert Williams, Mskoti aliyekuwa karibu na Rhodes lakini mwenye hesabu zake mwenyewe. Mwaka wa 1899 aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, na mtu wake, George Grey, akaongoza msafara wa kutafuta madini katika mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi. Msafara huo uliikuta shaba ya Kansanshi upande wa Rhodesia, katika Zambia ya leo, kisha ukapata ruhusa ya kuendelea upande wa Katanga, ambako wenyeji walikuwa wamechimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Neno “kugundua” linalotumiwa katika vitabu vya zamani, kwa hiyo, lina ukarimu uliopita kiasi kwa Grey. Alichofanya ni kupima, kuchora na kupeleka habari London na Brussels, na habari hizo zikawa mtaji.

Mwaka wa 1902 Williams alijifungulia milango miwili kwa mkupuo. Kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala Kongo, alipata makubaliano yaliyozaa Kampuni ya Reli ya Katanga, iliyofupishwa CFK, ambayo kibali chake kilihusu njia kutoka mpaka wa kusini kuelekea mahali Mto Lualaba unapoanza kupitika kwa meli. Mwaka huohuo, kwa serikali ya Ureno, alipata kibali cha kujenga reli kutoka Lobito, kwenye Bahari ya Atlantiki, hadi mpaka wa Kongo. Mtu mmoja alishika njia ya kusini na njia ya magharibi. Leopold hakuwa mjinga, naye aliliona hilo. Mwaka wa 1906 zilianzishwa kampuni mbili ambazo majina yake bado yanasikika katika mazungumzo ya wazee wa Lubumbashi: Union Minière, ya kuchimba, na BCK, yaani Kampuni ya Reli ya Bas-Congo hadi Katanga, ya kutengeneza njia itakayopita ndani ya Kongo yenyewe mpaka Matadi. Jina la BCK lilikuwa tangazo la kisiasa: shaba ya Katanga itoke kwa mlango wa nyumbani.

Mchanganyiko wa kampuni hizi umewapoteza wengi, na inafaa kuufumua kidogo. CFK ilikuwa mwenye njia, kwa maana ya kushika kibali na mali. BCK ilikuwa fundi na mwendeshaji. Union Minière alikuwa mteja mkubwa, na kwa sababu wenye hisa walikuwa karibu watu walewale, mteja huyo alikuwa pia na sauti katika kupanga bei ya kusafirishia mizigo yake. Mwaka wa 1927 ikaongezwa kampuni nyingine, Léokadi, kwa ajili ya njia za Dilolo, kwenye mpaka wa Angola, na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwaka wa 1952 CFK na Léokadi ziliunganishwa zikawa KDL, herufi ambazo mwanzoni zilimaanisha Katanga, Dilolo na Léopoldville, na baada ya uhuru, miji ilipobadilishwa majina, zikasomwa upya kuwa Kinshasa, Dilolo na Lubumbashi. Mwaka wa 1974 serikali ilizikusanya reli hizi zote chini ya SNCZ, shirika la reli la taifa, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Mzee anayesema baba yake alifanya kazi BCK, mwingine anayesema KDL, na wa tatu anayesema SNCZ, huenda wanaeleza ofisi moja na taruma lilelile.

Turudi kwa swali la kusini. Kama Leopold alitaka njia ya nyumbani, na kampuni ya kuijenga ikaundwa, kwa nini basi treni ya kwanza iliingilia Sakania? Umbali ni sehemu ya jibu: kutoka Broken Hill hadi machimbo ya Étoile, karibu na Lubumbashi, kulibaki mamia machache ya kilomita za nchi iliyoinuka na kunyooka, ilhali kutoka Kongo ya Chini kulikuwa na misitu, mito mikubwa na zaidi ya kilomita elfu mbili. Lakini sababu iliyo nzito zaidi, ambayo naona haipewi nafasi yake, ni makaa ya mawe.

Madini ya shaba ya Katanga yaliyoanza kuchimbwa yalikuwa ya aina iliyohitaji kuyeyushwa katika tanuru kubwa, na tanuru ile haikula kuni wala makaa ya kawaida ya mti. Ilihitaji koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwanza hadi yakaondokewa na gesi na kubaki magumu, yenye joto kali. Katanga haikuwa na makaa ya namna hiyo. Yaliyopatikana baadaye Luena, karibu na Bukama, yalikuwa hafifu. Koki nzuri ilitoka Wankie, Hwange ya leo, katika Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe, penye machimbo yaliyokuwa tayari kandokando ya reli. Kwa hiyo hata kama njia ya Matadi ingalikuwa imekamilika mwaka wa 1910, tanuru la Lubumbashi lingalibaki baridi bila treni ya kusini. Tanuru hilo lilianza kutoa shaba mwaka wa 1911. Behewa lililoleta koki lilirudi na shaba, likielekea bandari ya Beira nchini Msumbiji, safari ya kiasi cha kilomita 2,600. Wenye reli wa Rhodesia walipata mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi, jambo ambalo mwendesha treni yeyote hulitamani, na huo ndio mkate uliowafanya waamke kutoka Broken Hill.

Sasa kwa nini Sakania hasa, na si mahali pengine kilomita kumi mbele au nyuma? Mapatano ya Mei 1894 kati ya Uingereza na Leopold yaliweka mpaka ufuate mgongo wa nchi: maji yanayoteremka kuelekea Kongo yawe ya Leopold, yanayoteremka kuelekea Zambezi yawe ya Waingereza. Mapatano hayohayo yalichora mstari ulionyooka kutoka eneo la Ziwa Bangweulu kwenda kusini hadi kwenye mgongo huo, ndiyo maana ardhi ya Kongo ina ule ulimi unaojichomeka ndani ya Zambia, ambao Wafaransa na Wabelgiji huuita buti la Sakania. Mhandisi wa reli naye hupenda mgongo wa nchi, kwa sababu juu yake hakuna mito ya kujengewa madaraja. Njia ikapanda kutoka Ndola, ikauvuka mgongo, na mahali pa kwanza panapofaa upande wa maji ya Kongo pakawa stesheni. Kutoka hapo reli iliendelea kuufuata mgongo kuelekea kaskazini-magharibi, ikipita Mokambo, mpaka ukiwa karibu kiasi cha kuonekana, hadi Elisabethville.

Lililo la ajabu ni kwamba treni ilitangulia mpaka wenyewe. Tume ya Waingereza na Wabelgiji iliyotembea porini ikisimika nguzo za mpaka ilifanya kazi hiyo kati ya 1911 na 1914, wakati stesheni ya Sakania ilikuwa tayari inapokea treni. Walamba, ambao vijiji vyao vilikuwa pande zote mbili, walijikuta wamegawanywa kwanza na reli na ofisi ya forodha, na baadaye ndipo na mawe ya wapimaji.

Stesheni ya mpakani haifanani na stesheni ya njiani. Mizigo hukaguliwa na kutozwa ushuru, mabehewa huhesabiwa na kukabidhiwa kutoka mwenye reli mmoja hadi mwingine, breki na magurudumu hupimwa ili ijulikane nani atalipa yakiharibika mbele, kichwa cha treni hubadilishwa, na wafanyakazi wa upande mmoja hukabidhi zamu kwa wa upande mwingine. Kazi hizo zote huhitaji makarani, mafundi, askari, nyumba, maji na duka, na hivyo ndivyo mji wa Sakania ulivyozaliwa mahali ambapo shaba yenyewe haikuchimbwa bado. Kitu kimoja tu hakikuhitaji kufanywa, nacho ni kuhamisha mizigo. CFK ilijenga kwa upana wa milimita 1,067, uleule wa reli za Afrika Kusini na Rhodesia, na behewa lililopakiwa bandarini liliweza kufika Katanga bila kufunguliwa. Reli ya Maziwa Makuu, iliyotoka Kabalo kwenda Kalemie, ilijengwa kwa upana wa mita moja na ilibaki hivyo hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo kwa muda mrefu Katanga ya kusini ilikuwa na ndugu wa reli Cape Town na Beira kuliko Kalemie, iliyo katika nchi yake.

Tukio moja la mwaka wa 1915 linaonyesha vizuri maana ya upana huo. Waingereza walitaka kuzishambulia meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, wakatuma boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya afisa wa majini aliyeitwa Geoffrey Spicer-Simson. Boti hizo zilishushwa Cape Town, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikapita Rhodesia yote, zikaingia Kongo kwa Sakania na kufika Fungurume, mwisho wa reli wakati huo, mwanzoni mwa Agosti. Hadi hapo safari ilikuwa nyepesi. Kutoka Fungurume ilibidi zivutwe na mashine za mvuke na ng'ombe kuipanda milima ya Mitumba, kisha zipande tena kipande cha reli, ziteremke Lualaba, zipande treni nyingine kutoka Kabalo, na hatimaye ziguse maji ya Tanganyika karibu na Kalemie. Desemba 26 ziliikamata meli ya Kijerumani iitwayo Kingani. Msafara huu husimuliwa kwa sababu ya vituko vya kamanda wake. Kwa mtu anayesoma habari za reli, yaliyo muhimu ni maelfu ya kilomita zilizomalizwa bila taabu kubwa, na mamia machache yaliyokula majuma kadhaa kwa sababu reli haikuwapo.

Watu nao walipita. Katanga ya mwanzo haikuwa na wafanyakazi wa kutosha waliokubali kushuka machimboni, na kampuni ya Robert Williams ilipewa kazi ya kuandika watu Rhodesia ya Kaskazini na kuwaleta kwa mikataba mifupi. Katika miaka ya 1910 na mwanzo wa miaka ya 1920 sehemu kubwa ya wanaume waliofanya kazi Union Minière walikuwa wametokea kusini, na Sakania ndipo walipoingilia na ndipo walipotokea mkataba ulipokwisha. Baadaye mkondo ulikauka. Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi wa kudumu pamoja na familia zao, wengi wakitoka Kasai na Katanga yenyewe, na upande wa pili machimbo mapya ya Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia ya leo, yakawahitaji Warhodesia nyumbani kwao. Uandikishaji wa kutoka kusini ulikomeshwa mwaka wa 1931. Wanaosema kwamba mji wetu ni mtoto wa Kasai wanasema kweli kuhusu kizazi kilichokuja baada ya reli ya Ilebo. Kizazi cha kwanza kabisa kilishuka kwenye treni ya Sakania.

Miaka ya 1928 hadi 1931 ndiyo iliyoishusha hadhi stesheni hii. Julai 1928 Mfalme Albert I alizindua njia ya Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa wakati ule Port-Francqui, na ile njia ya nyumbani iliyoahidiwa mwaka wa 1906 ikawa kweli: treni hadi Ilebo, meli hadi Kinshasa, treni tena hadi Matadi. Mizigo ilipakiwa na kupakuliwa mara kadhaa, jambo lililoifanya kuwa ya polepole, lakini serikali ya kikoloni iliipendelea kwa nauli nafuu. Mwaka wa 1931 reli ya Benguela nayo iliungana na njia ya Tenke na Dilolo, na Lobito ikawa bandari iliyo karibu zaidi, kiasi cha kilomita 2,100 kutoka Elisabethville. Wakati huohuo hata koki ilianza kupoteza ufalme wake: kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza 1929, na umeme wa maporomoko ya Mwadingusha ukafuata mwaka wa 1930. Tangu 1952 baadhi ya njia za Katanga zilitiwa umeme, lakini nyaya hizo zilielekea kaskazini na magharibi. Upande wa Sakania haukutiwa.

Hata hivyo mlango wa kusini ulikuwa na tabia moja: kila milango mingine ilipofungwa, wenyewe ulibaki wazi. Katika miaka ya kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, njia ya Ilebo ilikatika, na shaba ikatoka kwa Lobito na kwa kusini. Mwaka wa 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela kwa mizigo ya Zaire, na ilibaki imefungwa kwa miongo kadhaa. Mwaka huohuo ujenzi wa TAZARA ulikamilika, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, kwa upana uleule wa milimita 1,067. Shaba na kobalti za Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi machimbo ya Union Minière, ziligawanywa baina ya njia ya nyumbani, iliyokuwa ikizeeka, na njia za Sakania kuelekea Dar es Salaam na Afrika Kusini. Serikali ya Mobutu, iliyohubiri kujitegemea, ilitegemea stesheni ya mpakani kuliko ilivyopenda kukiri.

Kilichoiangusha Sakania si ushindani wa bandari bali ni kuchakaa kwa reli zenyewe. Gécamines iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mzigo ukatoweka kabla ya mataruma. Mwaka wa 1995 uendeshaji ulikabidhiwa Sizarail, kampuni yenye wabia wa Ubelgiji na Afrika Kusini, na mwaka wa 1997 serikali mpya ikaurudisha chini ya shirika la taifa, SNCC. Shaba iliporudi kwa nguvu baada ya 2002, wachimbaji binafsi hawakuisubiri treni. Walinunua malori, na Kasumbalesa, iliyokuwa kijiji cha barabarani, ikawa mlango mkuu wa biashara ya Katanga, penye foleni zinazojulikana na kila dereva kutoka Durban hadi Dar es Salaam.

Kejeli ya historia ni kwamba shaba ilipatikana Sakania yenyewe wakati reli ilikuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Machimbo ya Lonshi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mawe yake yalivushwa kwa lori hadi kiwanda cha Bwana Mkubwa karibu na Ndola. Frontier, machimbo makubwa zaidi, yalifunguliwa mwaka wa 2007, yakabadilisha mikono baada ya ugomvi wa kibali kati ya mwenyewe wa kwanza na serikali. Mji uliozaliwa kwa sababu ya shaba ya wengine una yake sasa, na sehemu kubwa ya shaba hiyo huondoka kwa magurudumu ya mpira.

Siku hizi gumzo la Lubumbashi kuhusu reli ni Lobito. Mwaka wa 2023 Angola iliikabidhi njia ya Benguela kwa muungano wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30, na Marekani na Ulaya zimeweka jina na fedha zao hapo. Lakini Lobito inaifaa zaidi Kolwezi, iliyo magharibi, kuliko machimbo yanayoanzia Lubumbashi kwenda kusini. Machimbo hayo yana njia moja tu ya reli isiyozunguka, nayo ni ileile ya 1909, na thamani yake itategemea mambo mawili yaliyo nje ya Sakania: kama China itaifufua TAZARA kwa kiwango ilichoahidi, na kama SNCC itapata vichwa vya treni na mataruma ya kutosha kuufikisha mzigo mpakani kwa siku inayojulikana. Mwenye shaba hukubali nauli kubwa ya lori kwa sababu lori huondoka leo. Kilomita 250 za mwanzo zikikarabatiwa, hesabu hiyo itabadilika, kwa sababu kutoka Sakania kuendelea mbele upana wa reli haujawahi kuwa tatizo.